Kabla ya Kupanda Mikoko, Soma Maji

Kaunti ya Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na visiwani watu wa kushika mche na kuingia topeni hawakosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni siku chache za kutazama maji kabla ya kupanda. Miche mingi inayokufa ilikuwa mizima siku ya kupandwa. Ilikufa kwa kuwekwa mahali pasipo pake.

Uwanda mtupu wa tope mbele ya kijiji si lazima uwe ulikuwa msitu. Mikoko huota nusu ya juu ya eneo linalojaa na kupwa maji, yaani kuanzia karibu na usawa wa kati wa bahari hadi panapofika maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Chini ya hapo mche hufunikwa saa nyingi mno, mizizi inakosa hewa, na mawimbi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, huung'oa kabla haujashika. Penye nyasi za baharini pasiguswe kabisa, pale ni malisho ya kasa na makazi ya samaki wadogo. Waulizeni wazee waliokuwa wakikata boriti, watawaonyesha palipokuwa na mchu na palipokuwa na mkandaa, maana mikoko ni ya aina nyingi. Mkikuta visiki vikavu topeni, hapo mna uhakika.

Kisha jiulizeni kwa nini msitu haukurudi wenyewe. Mikoko hujipanda: mbegu huelea, maji huzibeba, zikafika panapofaa zikaota. Kama miti yenye mbegu iko jirani na bado pamebaki upara, kuna kizuizi. Huenda barabara au tuta limeziba mkondo, mchanga au tope la mafuriko limefukia mizizi ya kupumulia, mbuzi wanashuka kila maji yakipwa, au ukataji haujakoma. Ondoeni hicho kwanza. Mkondo ulioziba ukifunguliwa kwa majembe, maji yakaingia na kutoka bila kutuama, mara nyingi kazi ya kupanda hupungua sana. Na mkikuta mche wa kujiotea karibu kila hatua, msipande. Zuieni mbuzi na mapanga tu.

Watu wengi hupanda aina moja tu, ile inayoitwa mkoko hasa, kwa sababu mbegu yake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Mlilana ndio wa mbele, unaokabili bahari. Mkoko hufuata, hasa kando ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Muia na mkandaa hukaa ndani zaidi, na juu kabisa, panapofikiwa na bamvua peke yake na chumvi ikawa kali, ni pa mchu. Mchu huonekana pia mbele, karibu na mlilana. Mkoko ukipandwa kwenye chumvi ya juu hudumaa, majani yakageuka manjano, ukafa. Angalieni msitu mzima ulio jirani, na mpande aina zinazoota kwenye kimo kilekile cha maji.

Mbegu ya mkoko iko tayari inapotoa shingo ya manjano kati ya tunda na kijiti, na ukiigusa inaachia yenyewe. Ya kuvutwa kwa nguvu bado ni changa. Zikagueni moja moja. Yenye kitundu imeshaingiwa na mdudu, itupeni. Zilizobaki ziwekeni kivulini chini ya gunia bichi kwa wiki moja hivi. Kaa hupenda mbegu mbichi kuliko iliyokaa, na kaa ndio adui wa kwanza wa mbegu iliyochomekwa.

Mbegu ya mchu lowekeni kwenye maji ya bahari usiku kucha hadi ganda litoke, kisha ibonyezeni juu ya udongo bila kuifukia. Tunda la mlilana loanisheni mpaka lilainike, mlikamue, mchuje vijimbegu na kuvisia kwenye tuta. Aina hizi mbili zinahitaji kitalu. Kiwekeni mahali ambapo maji hukifikia siku nyingi za mwezi, mjaze mifuko tope la msituni, na mwezi wa mwisho mpunguze kivuli ili miche izoee jua. Wakati wa kupanda chaneni mfuko, msiuache topeni.

Mkoko uchomekeni theluthi moja tu ya urefu wake, ncha chini. Ukizama sana unaoza. Nafasi ya mita 1 kwa 1 hula miche 10,000 kwa hekta, mita 2 kwa 2 hula 2,500. Palipo na mawimbi, ya kwanza inafaa zaidi kwa sababu miche hukingana. Upande wa bahari pandeni wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai sana wala kupwa sana, ili mche ushike kabla bamvua haijarudi. Juu kwa mchu fanyeni kinyume: pandeni siku moja mbili kabla ya bamvua, udongo upate kulowa.

Mkiona shina limevaa vijigamba, kama vinavyoganda chini ya jahazi, mche huo unakaa majini mno. Kuvikwangua husaidia siku chache tu. Hameni, pandeni juu zaidi.

Wekeni alama kwenye vipande vya mita 10 kwa 10 na mhesabu iliyo hai baada ya mwezi 1, 3, 6 na 12. Hesabu ya siku ya kupanda haisemi lolote kuhusu msitu, hata ikisomwa mbele ya wageni na kamera. Nusu ikifa, msikimbilie kujaza mapengo kabla ya kujua kilichoiua.

Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo kikundi kifike ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS) kabla ya kugusa kitu. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu jumuiya iliyosajiliwa kutia saini mkataba wa kusimamia msitu wake. Humo andikeni mapema nani atakayepunguza miti itakapobanana, kwa kibali gani, na mazio (miti myembamba kuliko boriti) na boriti zitakazotoka ni za nani, maana miti ikishafika unene wa kuuzwa, makubaliano ya mdomo hugeuka ugomvi.