Ukili Ulioishia Nyuma ya Mlango

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, mama wa watoto watatu, na ninaishi na mume wangu pamoja na mama mkwe wangu aliyehamia kwetu kutoka Pemba mwaka juzi. Kila Januari huandika malengo yangu katika daftari, na kila Desemba hulifunga kwa aibu. Nyuma ya mlango wa chumbani kuna msokoto wa ukili, yaani ukanda wa majani ya mkindu, niliousuka kwa ajili ya mkeka ambao haujawa mkeka. Uani kuna magunia manne ya mboga yaliyobaki na magugu. Sebuleni kuna cherehani ya miguu niliyoinunua kwa mkopo wa kikoba, na juu yake kitambaa cha jirani nilichokikata kabla ya Idi na sijakishona hadi leo. Nilitaka pia kusoma shahada, lakini hata fomu sijaichukua. Mwezi uliopita mume wangu aliwaambia wageni, huku akicheka, kwamba nyumba yetu ni ghala la mambo yasiyokwisha. Wageni wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda jikoni nikalia. Je, niuze cherehani, nichome ukili, nikubali kwamba mimi si mtu wa kumaliza jambo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usichome ukili. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikaona kwamba umeyaweka mambo manne katika kapu moja kana kwamba yote yamekufa kwa ugonjwa mmoja, ilhali kila moja lina sababu yake, na uvivu si mojawapo. Mtu mvivu hasuki ukili wa nusu mkeka.

Kabla ya kujihukumu, jiulize juu ya kila kazi: je, inavumilia kukatizwa? Wewe ni mwalimu, mama na mkwe. Huna saa mbili mfululizo katika siku yako ya kawaida, una robo saa wakati wali unapokaukia na dakika ishirini watoto wakiwa madrasa. Wanawake wa mwambao waliotuachia kazi ya ukindu waliishi siku za namna hiyo hiyo, na ndiyo maana kazi yenyewe imekaa inavyokaa. Ukindu ukishachanwa, ukaanikwa na kutiwa rangi, kusuka kwake hakudai meza wala taa kali wala kimya. Unasuka ukipiga soga barazani, mtoto akilia unauweka chini, ukirudi unaanzia pale pale vidole vilipoishia, na kilichosukwa hakiharibiki kwa kusubiri. Kushona gauni hakuko hivyo. Ukikiacha kitambaa katikati ya kukiunganisha, kesho utapoteza nusu ya muda wako kukumbuka mkono upi ni wa kulia na pindo uliliachia kiasi gani, na ukishakumbuka, mtu anabisha hodi.

Kwa nini, basi, hata ukili umekwama, ikiwa ndio wenye subira kuliko vyote? Ninakisia kwamba kusuka hakukukwama. Kilichokwama ni kuushona, kwa sababu hapo kazi hubadilika tabia: ukili mrefu unatakiwa kuzungushwa na kuunganishwa ukingo kwa ukingo, unahitaji sakafu iliyo wazi na mkono unaojua kuvuta uzi bila kuukunja mkeka uwe kama bakuli. Watu wengi huishia hapo hapo. Na wewe, mwanangu, una mama kutoka Pemba anayekaa nyumba moja nawe, ukamtaja katika barua yako kama unavyotaja idadi ya vyumba. Mwendee alasiri moja, mpelekee ule msokoto, umwambie, “Mama, hapa nimeshindwa, nielekeze.” Sikuahidi kwamba anajua, ingawa itanishangaza kama hajui. Rashia ukili maji kidogo kabla hamjaanza, kwa sababu uliokaa muda mrefu hukauka na kukatika unapokunjwa. Huenda pia mama mwenyewe, aliyeacha majirani na baraza yake ng’ambo ya bahari, anatafuta kazi ya mikono yake katika nyumba yako na hajui aombe vipi.

Magunia yako yana kisa kingine. Kama uliyapanda ulipoandika malengo, ulipanda Januari, katikati ya jua la kaskazi, mwezi ambao shule zinafunguliwa, watoto wa darasa la kwanza wanaandikishwa, na nyumbani kwako sare na madaftari vinadaiwa. Mboga ingekuwa na haki ya kukushitaki. Ngoja masika, yanayoanza kwenu kati ya Machi na Aprili, ndipo uyamwage magunia yote manne na kuanza na moja tu. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, kisha simamisha katikati kopo kubwa lililokatwa kitako, lijaze kokoto, uweke udongo pembeni yake, halafu livute juu na kurudia mpaka gunia lijae, ili ubaki mhimili wa kokoto unaopeleka maji hadi chini. Bila huo, maji huishia juu na mimea ya ubavuni hufa kwa kiu huku wewe ukiamini kwamba umemwagilia. Sukuma wiki iingie katika matundu ya ubavuni na mchicha uwe juu, kwa kuwa mchicha huwa tayari kwa mboga katika wiki tatu au nne, na mtu aliyevunjika moyo anahitaji kula kitu alichokipanda mapema. Kumwagilia mkabidhi mtoto wako mkubwa, liwe jambo lake kweli, usimfuate nyuma na kopo la pili.

Hilo linanileta kwenye daftari. Sielewi ni nani aliyetushawishi kwamba Januari ni mwezi wa kuanza mambo. Wazee wa mwambao walikuwa na mwaka wao wa jua ulioanza siku ya Nairuzi, ambayo watu wa Makunduchi, Unguja, bado wanaiadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa, nao waliugawa mwaka huo katika miongo, kila mwongo siku kumi, na kwa hesabu hiyo walijua wakati wa kulima na wakati wa kusafiri baharini. Siku hizi tukisema mwongo tunamaanisha miaka kumi, na pengine ndiyo maana malengo yetu yamekuwa makubwa kupita nguvu zetu. (Kwamba neno lilo hilo linamtaja pia mtu asiyesema kweli, hilo nawaachia wanaoandika malengo.) Ninakushauri ufuate hesabu ya wazee: andika jambo moja la siku kumi, dogo kiasi kwamba ungeona haya kulisema mbele ya watu. “Kushona mizunguko mitano ya mkeka” linatosha. Siku ya kumi likiwa halijafanyika, usiliongeze urefu. Jiulize tu ni nini kililikatiza, ukiandike hicho.

Kuhusu mume wako, mzaha wenyewe ungekuwa mwepesi kama mngekuwa wawili. Ubaya wake ni kwamba alikufanya ucheke mbele ya wageni juu ya jambo linalokuliza. Mwambie hivyo, usiku watoto wakishalala, kwa maneno machache na bila kuorodhesha makosa ya nyuma: kwamba siku ile uliumia, na kwamba akiwa na neno juu ya shughuli zako akuambie mkiwa peke yenu. Lakini mpe na haki yake. Sebule ni yake pia, na kitambaa kilichokatwa kikikaa miezi juu ya cherehani huwa kama deni linalokukodolea macho kila unapoingia. Hamishia cherehani chumbani, karibu na dirisha. Halafu umwombe saa mbili za Jumamosi alasiri ambazo watoto watakuwa mikononi mwake, awe nao nyumbani au awapeleke ufukweni. Usiseme “unisaidie”, maana anayesaidia huchoka upesi na husubiri shukrani, sema “Jumamosi watoto ni wako mpaka alasiri iishe.” Katika saa hizo ushone nguo za nyumbani kwako tu, na usipokee kitambaa cha mtu mpaka umalize nguo tatu za wanao. Ukifika Desemba hujazimaliza, iuze cherehani bila majuto ulipe kikoba.

Shahada iondoe katika daftari hilo. Haikai ukurasa mmoja na mchicha. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wanaosoma wakiwa kazini, na kina kituo mkoani kwako; nenda likizo ijayo ukaulize ada na sifa za kujiunga, kisha jambo hilo lijadiliwe na nyumba nzima, kwa sababu litakula fedha na jioni za watu wote.

Umebaki mzigo mmoja, nao si lengo lako, ni haki ya mwenzio. Kile kitambaa cha jirani kikunje kesho ukitoka kazini, umpelekee, umtake radhi bila kumweleza habari za mume wala watoto, kisha mfuatane hadi kwa fundi anayemwamini. Ujira wa fundi ulipe wewe.