Kocha wa Tatu Msimu Mmoja: Nimshangilie au Ningoje?

MASWALI YA WASOMAJI

*Mhariri, salamu. Mimi ni shabiki wa Yanga, Mwananchi wa Mbagala. Msimu wa 2024/25 tulianza na Gamondi, akaja Ramovic, tukamaliza na Hamdi, na ubingwa tukabeba. Kila kocha akifungashiwa virago naumia, akitua mwingine najikuta nishampenda kabla hajashinda kitu. Nitajuaje kama timu imebadilika kweli au nashangilia sura mpya tu?*

Pole, ndugu yetu. Ila ubingwa ule usikudanganye kwamba kubadili kocha hakuna gharama. Ligi ni mechi 30, kikosi kipana hufidia wiki tatu za kuyumba. Makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika (CAF) ni mechi 6, hayafidii. Gamondi alishinda mechi 8 za kwanza za ligi, akapoteza mbili mfululizo, kwa Azam na Tabora United, kibarua kikaota nyasi Novemba 15. Siku 11 baadaye Ramovic akawakaribisha Al Hilal ya Sudan kwa Mkapa: 0-2. Akaenda kwa MC Alger ya Algeria: 0-2 tena. Januari timu ilihitaji ushindi nyumbani dhidi ya Waalgeria haohao, ikaambulia 0-0 na kutolewa. Deni la mechi mbili za mwanzo lilikuwa halijalipika.

Kukabia juu, yaani kumbana mpinzani karibu na goli lake, kunahitaji watu wanne au watano wasogee kwa pamoja. Mmoja akichelewa hatua mbili, pasi inapita, na mabeki wako wanabaki na uwanja mtupu mgongoni. Pumzi na mazoea hayo hujengwa kabla ya msimu. Timu inayocheza kila baada ya siku tatu au nne haina nafasi hiyo: kesho yake ni kupumzisha miguu, siku moja kabla ya mechi ni mazoezi mepesi, kocha anabaki na siku moja ya kufundisha, akibahatika mbili. Ndiyo maana vinavyobadilika upesi ni majina ya kikosi cha kwanza na mipira iliyokufa (kona na faulo). "Gusa, achia, twende kwao", kaulimbiu ya Yanga ya Ramovic, huimbwa siku moja. Kuicheza ni kazi ya wiki nyingi.

Kwa hiyo mechi mbili za mwanzo usizihesabu. Kila mchezaji anagombea namba upya, atakimbia hata asiyekuwa na tabia hiyo. Oktoba 2025, kocha Folz alipoondolewa Yanga baada ya kufungwa 1-0 na Silver Strikers kule Malawi, timu ilishinda marudiano 2-0 chini ya kocha wa muda Mabedi. Ushindi mtamu, lakini haukuthibitisha kwamba Folz alikuwa mbovu.

Kuanzia mechi ya tatu, acha kufuata mpira. Tazama dakika ya 60 hadi 75: je, kati ya viungo na mabeki pamefunguka? Hapo pumzi zimekata. Mpira ukipotea, wa kwanza kuukimbilia ni mshambuliaji au anasubiri beki? Kona mkipigiwa, nani anasimama nguzo ya karibu, na wiki ijayo ni yeye tena? Kisha angalia kalenda. Kocha wa Novemba anapika kwa viungo alivyonunua mwenzake mpaka dirisha dogo la usajili, ambalo kwa kawaida hufunguliwa katikati ya Desemba. Kumpenda mapema hakuna ubaya, kumhukumu kabla ya Februari ndiko kuna ubaya.

*Mimi ni Mnyama, shabiki wa Simba. Kocha wetu Fadlu alipokwenda Raja ya Morocco Septemba 2025 niliona ni usaliti. Kwa nini kocha akiondoka anabeba na wasaidizi?*

Kwa sababu huajiriwa kama kundi: msaidizi, kocha wa viungo, wa makipa, mchambuzi wa video. Simba ilibidi imwazime Hemed Suleiman 'Morocco', wakati huo kocha wa Taifa Stars, kwa marudiano na Gaborone United. Dawa ni klabu kuajiri yenyewe angalau kocha mmoja mwenye leseni inayokubalika CAF, na kumbukumbu za mazoezi zibaki ofisini. Usaliti sijauona hapo. Klabu nazo huwavunjia mikataba.

*Kocha aliyefukuzwa asipolipwa, klabu inapata hasara gani?*

Akiwa wa kigeni, anaweza kuishtaki klabu huko FIFA. Akishinda, klabu hupewa siku 45 kulipa. Zikipita, hufungiwa kusajili hadi alipwe, kwa kikomo cha madirisha matatu. Ukisikia klabu "imefungiwa", mara nyingi mdai ni mchezaji au kocha ambaye shabiki ameshamsahau.