Laini imezimwa, mbona bado inapiga shoti?

Ndugu, unasema laini ya kilovolti 220 ilizimwa, ethi (waya za kuunganisha laini na ardhi) zikafungwa kwenye stesheni za pande zote mbili, na bado jamaa yako akapigwa shoti juu ya mnara. Hapo usimlaumu mtu wa swichi kwanza. Uliza: kuna laini gani hai pembeni?

Waya uliozimwa ukipita sambamba na ulio hai, kilomita kwa kilomita, hupata umeme kwa njia mbili. Kwanza, uga wa umeme, yaani nguvu inayouzunguka waya ulio hai, huupandisha volti, hata maelfu, kama hauna ethi. Ukiufunga ethi, volti hizo hushuka. Wengi huishia hapo, na ndipo mtego ulipo. Njia ya pili: mkondo wa laini hai una usumaku unaosukuma umeme kwenye waya uliozimwa, na ethi za ncha zote mbili zimeshatengeneza mzingo kupitia ardhini, kwa hiyo mkondo unazunguka humo muda wote. Ethi ya stesheni iliyo mbali haimlindi fundi aliye katikati. Anayekata waya au kufungua klampu (kibanio cha waya) akashika pande mbili za pengo, mwili wake ndio unakuwa daraja. Miliampea 50 tu zinaweza kuvuruga moyo.

Kwa hiyo ethi iwekwe palepale mnarani anapofanyia kazi, na kabla ya kukata waya, pande zote mbili ziunganishwe kwa kebo. Ukifunga ethi, klampu ya mnara hutangulia, ya waya hufuata, kwa fimbo ya kuhami. Kutoa ni kinyume chake. Glavu za ngozi si kinga, jamani.