Kiyoyozi kilikufa, bili ikabaki hai

SWALI: Shikamoo Bibi. Tulilala siku tatu kwenye hoteli ya kifahari upande wa Mikindani: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Pweza wa nazi alikuwa mtamu hadi mama mkwe akanyamaza, jambo geni kwake. Ila kiyoyozi kilikufa usiku wa kwanza, fundi akaja kesho yake saa kumi. Na ile bahari ya mlangoni? Asubuhi tope tupu! Mbalamwezi tu ndiyo ilituliwaza. Nidai hela? – Mama Watatu, Shangani, Mtwara.

JIBU: Marahaba mwanangu. Bahari haina kosa. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Maji hupwa mbali kwenye saa nne au tano asubuhi, yakajaa alasiri. Ingawa mtu wa mapokezi angewaambia, jamani.

Kiyoyozi ndiyo kesi. Mwandikie meneja, si yule kijana wa kaunta asiye na mamlaka ya kupunguza hata shilingi. Taja namba ya chumba, saa mliyolalamika, ambatanisha risiti. Dai usiku mmoja tu. Pweza mmeshamla.