Sakafu ya joto: chumba kimoja baridi, presha inashuka

Pole. Unasema kwenye sakafu yako inayopashwa joto kwa mabomba ya maji moto, chumba kimoja kinabaki baridi na presha ya boila (mtambo unaochemsha maji hayo) inashuka kila wiki; huenda ni matatizo mawili tofauti.

Anza na chumba. Mara nyingi ni hewa iliyonaswa bombani au pini ya vali iliyokwama kwenye manifoldi (sehemu inayogawa maji moto kwa mabomba ya kila chumba). Fungua kifaa kilicho juu ya vali hiyo, bonyeza pini kwa kidole gumba: inatakiwa ishuke milimita chache na kurudi yenyewe. Isiporudi, umeshapata kosa.

Presha ndiyo inayonitia wasiwasi. Mfumo ukiwa baridi, kwa kawaida husoma bar 1 hadi 1.5. Tafadhali usizoee kuongeza maji tu. Maji mapya huleta oksijeni, nayo hula chuma cha pampu na boila. Zima boila ipoe, funga vali zote mbili kubwa za manifoldi, halafu soma geji ya boila baada ya saa kadhaa. Ikiendelea kushuka, kagua vali ya usalama (inayotoa maji presha ikizidi) na tangi la upanuzi (linalopokea maji yanapotanuka kwa joto). Ikitulia, shuku mabomba ya sakafuni, na hapo usivunje kigae hata kimoja kabla fundi hajapima kwa kamera ya joto.