Aliyebeba magunia naye atajwe

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: bandari ya mji inapohama na ufukwe wake kujengwa upya, makumbusho ya bandari yana faida gani? Naona yana faida pale tu yanapoeleza ni nani aliyetoa jasho na ni nani aliyevuna, na mfano nitakaoutoa ni makumbusho ya Docklands jijini London.

Yalifunguliwa mwaka 2003 ndani ya ghala lililojengwa mwaka 1802 kwenye magati ya West India Docks, mahali ambapo sukari na ramu zilishushwa kutoka mashamba ya Karibi yaliyolimwa na watumwa. Robert Milligan, mfanyabiashara aliyekuwa mstari wa mbele katika kuanzisha magati hayo, mwenyewe alimiliki watumwa Jamaica. Ukumbi unaoeleza uhusiano wa London, sukari na utumwa ulifunguliwa mwaka 2007, lakini sanamu ya Milligan haikuondolewa nje ya jengo hadi Juni 2020. Yaani kwa karibu miaka 13 mgeni alimpita tajiri huyo wa shaba nje, kisha akaingia ndani kusoma habari za biashara iliyomtajirisha.

Mimi ni mjukuu wa kuli wa Kilindini, na kwa hiyo habari za wapakuzi ndizo zilizonigusa zaidi. Alfajiri walisongamana langoni wakisubiri kuchaguliwa, na asiyechaguliwa alirudi nyumbani mikono mitupu; mwaka 1889 waligoma wakidai peni sita kwa saa, wakazipata. Babu naye alikuwa akisimulia asubuhi za namna hiyo, ingawa yeye hakuwahi kufika London.

Makontena yalipoenea, meli kubwa zilihamia Tilbury, karibu zaidi na bahari, na West India Docks ikafungwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata serikali iliunda shirika la kuliendeleza eneo hilo na kulikabidhi mamlaka ya mipango miji yaliyokuwa ya halmashauri, na katika muda wa miaka kumi ukasimama pale mnara wa kwanza wa Canary Wharf, mtaa wa mabenki. Wakazi wengi walilalamika, na sioni kosa lao, kwa kuwa mtu aliyezoea kubeba magunia hakuwa na nafasi katika ofisi zile, wala nyumba mpya za ufukweni hazikulingana na mfuko wake.

Makumbusho hayo yana hazina nyingine isiyovutia watalii, nayo ni nyaraka za mamlaka ya bandari ya London, iliyoanza kazi mwaka 1909. Wanaofikiria kuanzisha makumbusho ya bandari kwetu Mombasa waanzie hapo, kwenye madaftari ya mishahara na masimulizi ya wazee, kabla ya kumwita msanifu wa majengo. Babu yangu hakuacha hata kadi yake ya kazi.