Muulize Mama Fundi: "Laptopu Haioni Diski Yake"

Barua nyingi za mwezi huu ni za watu waliokwama katikati ya kupiga Windows. Nimechagua tatu zinazofanana kwa juu lakini kila moja ina ugonjwa wake.

*Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma. Nimenunua laptopu iliyotumika, Dell ya Core i5. Ilikuja na vitu vya mwenyewe wa zamani, nikaona niipige Windows upya. Nilipofika pa kuchagua diski sikukuta kitu, nimeandikiwa "We couldn't find any drives. To get a storage driver, click Load driver." Nimebonyeza Load driver, nimetafuta kila folda, hakuna. Fundi mmoja mjini amesema SSD imekufa, nitoe laki moja na nusu aweke nyingine. Lakini siku moja kabla ilikuwa inawaka na mafaili yanafunguka. Diski hufa hivyo?*
*Mwanafunzi, Ng'ong'ona*

Marahaba mwanangu. Hiyo laki na nusu ibaki mfukoni kwanza. SSD inaweza kufa ghafla, sikatai, hasa hizi za bei chee zisizo na jina la kueleweka. Lakini SSD iliyofungua mafaili jana, leo ikakosekana kwenye setapu ya Windows tu, siwezi kuitangazia msiba kabla sijaiuliza mashine yenyewe.

Kuiuliza ni hivi. Zima laptopu kabisa, kisha iwashe huku unagonga F2. Hiyo ni kwa Dell. Wenye HP ni F10, Acer na Asus F2, Lenovo nyingi F2 ila ThinkPad ni F1. Utaingia kwenye BIOS, programu ndogo ya mashine yenyewe inayowaka kabla ya Windows. Tafuta ukurasa wa taarifa za mashine, pale panapotajwa RAM na prosesa. Diski nayo hutajwa humo au kwenye ukurasa wa Storage, kwa jina na ukubwa wake. Ukiiona, basi mashine inaitambua diski na tatizo ni setapu yako. Fundi aliyekutajia bei angeanzia hapo, ni kazi ya dakika moja na haihitaji hata bisibisi.

Ukishaiona, soma namba ya prosesa. Usiishie kwenye "Core i5", soma inayofuata. Ikiwa ni i5-1135G7, zile tarakimu mbili za mwanzo, 11, ndizo kizazi. i5-1235U ni kizazi cha 12. i5-8250U ni cha 8, hiyo tarakimu ni moja. Nakuuliza hivyo kwa sababu kuanzia kizazi cha 11, kilichotoka mwaka 2020, laptopu nyingi za Intel huja zimewashiwa kitu kinachoitwa VMD. Kilianzia kwenye seva, ambako diski ni nyingi na huchomolewa mashine ikiwa inafanya kazi. Kinakaa kati ya prosesa na SSD ya NVMe, zile SSD za kasi, na Windows ikitaka kuiona SSD lazima ipitie kwake, kwa draiva yake, yaani programu ndogo inayoifundisha Windows kuongea na kifaa. Windows iliyopigwa kiwandani ilikuwa nayo hiyo draiva, ndiyo maana mafaili yalikuwa yanafunguka. Setapu uliyoiweka kwenye flashi mara nyingi haina. Ndiyo siri yote.

Na Load driver haikukupa kitu kwa sababu kitufe kile hakitafuti intaneti wala hakibuni. Kinakuuliza wewe draiva umeiweka wapi, na wewe hukuwa umeiweka popote.

Sasa iweke. Azima kompyuta ya mwenzako yenye Windows. Simu itapakua faili lakini haitaweza kulifungua ipasavyo. Ingia tovuti ya msaada ya Dell, andika Service Tag, zile herufi na tarakimu saba zilizo kwenye stika ya chini. Nenda sehemu ya madraiva, chagua Storage, pakua inayoitwa Intel Rapid Storage Technology. Chukua iliyoorodheshwa kwa modeli yako, usikimbilie toleo jipya kuliko yote ulilolikuta kwingine, maana matoleo mapya huacha prosesa za nyuma.

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Wanachukua lile faili la .exe kama lilivyo, wanalitupa kwenye flashi, wanarudi kwenye setapu, wanaambiwa hakuna draiva iliyosainiwa. Setapu haijui kufungua .exe. Inataka vitu vilivyomo ndani. Kwa Dell, bofya lile faili mara mbili, utaona vitufe viwili, cha kusakinisha na cha Extract. Bonyeza Extract, elekeza kwenye folda tupu. Faili za HP zikifunguliwa hujimwaga kwenye C:\SWSetup. Mwenye lile la Intel lenyewe, SetupRST.exe, afungue dirisha la amri kwenye folda lilipo, aandike:

SetupRST.exe -extractdrivers C:\RST

Kisha ingia ndani ya folda lililotoka ukatafute linaloitwa VMD, ushuke nalo mpaka uone iaStorVD.inf, iaStorVD.sys na iaStorVD.cat zimekaa pamoja. Folda hilo lote linakili kwenye flashi ileile ya Windows. Huhitaji flashi ya pili.

Rudi kwenye setapu, Load driver, Browse. Utakuta herufi za ajabu, mojawapo X. Hiyo ni setapu yenyewe imejipakia kwenye RAM, iache. Flashi yako itakuwa C, D au herufi nyingine, itambue kwa folda zake. Chagua folda, bonyeza OK. Ukiona mstari umeandikwa "Intel RST VMD Controller 9A0B", shukuru Mungu, hiyo ndiyo ya kizazi cha 11. Ya 12 mara nyingi huandikwa 467F. Ikikuletea mistari mingi, acha alama ya tiki kwenye kile kisanduku cha kuficha draiva zisizoendana na mashine. Bonyeza Next, subiri kidogo, diski itatokea na vipande vyake vyote.

Kuna njia ya mkato, na najua mtu atakunong'oneza hapo hosteli: ingia BIOS uizime VMD. Kwenye Dell ni kwenye Storage, unaitoa RAID On unaweka AHCI/NVMe. Asus iko Advanced, kwenye menyu ya VMD. Acer wameificha; ukiwa ukurasa wa Main bonyeza Ctrl pamoja na S ndipo itokee. Inafanya kazi, na laptopu yenye SSD moja haipungukiwi na kitu cha maana. Lakini mimi dukani napakia draiva. Sababu ni kwamba siku BIOS itakaporudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, iwe kwa kuiboresha au kwa betri ndogo ya ndani kuisha, VMD huenda ikajiwasha tena na Windows iliyopigwa bila draiva yake haitawaka. Mteja atarudi kwangu analia wakati kosa halionekani kwa macho.

Ikiwa BIOS nayo haioni diski, hapo tufungue. Laptopu za mtumba husafiri safari ndefu, na skrubu moja ndogo inayoshikilia SSD ikilegea, SSD inanyanyuka upande mmoja. Ichomoe, irudishe kwa mshazari, ibonyeze chini, kaza skrubu. Halafu itazame meno yake. Yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe, yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, aina ya zamani, na zipo laptopu zinazopokea aina moja tu ingawa zote mbili zinaingia kwenye tundu. Ukikutana na hiyo, aliyekuwekea SSD ndiye wa kuulizwa. Na ikishindikana kabisa, imekufa, mnunulie mwenzake.

*Mama Fundi, pole na kazi. Nina duka la stationari Kondoa. Programu yangu ya stoo ni ya zamani, inataka Windows 7. Nimepata laptopu ya Core i5 kizazi cha 6, nimeweka Windows 7 kwenye flashi, nikibonyeza Install naambiwa "A required CD/DVD drive device driver is missing." Laptopu haina hata mlango wa CD! Draiva ya CD ya nini?*
*Baba wa Stationari*

Nishapoa kaka, karibu. Ujumbe huo umewachanganya wengi, kwa sababu hauzungumzii CD wala hauzungumzii diski yako. Mashine imewasha setapu kutoka kwenye flashi, sawa. Kuwasha kunafanywa na BIOS. Baada ya hapo Windows 7 inashika usukani yenyewe, inageuka kutafuta mafaili yaliyobaki kwenye flashi, na flashi haipo tena machoni pake. Windows 7 ilitoka mwaka 2009 bila draiva ya USB 3.0. Inaita flashi "CD" kwa mazoea ya zamani.

Kwenye laptopu za nyuma kidogo, kizazi cha 3 au cha 4, dawa ni kuhamishia flashi kwenye tundu jeusi, la USB 2.0, badala ya la bluu, la USB 3.0, basi. Wengine huchomoa flashi ujumbe ukiwa kwenye kioo, wakafunga lile dirisha, wakachomeka tundu jingine na kubonyeza Install tena, ikakubali. Kwako wewe haitakubali. Kuanzia kizazi cha 6 Intel waliondoa kidhibiti cha USB 2.0, kwa hiyo hata tundu jeusi linapitia mlango wa USB 3.0. Usiisumbue mashine kwa kuhamahama.

Unaweza kuingiza draiva za USB 3.0 ndani ya setapu kabla ya kuitumia, na kama diski yako ni NVMe uingize na ya NVMe, maana Windows 7 haiijui hiyo pia. Inawezekana. Ila sikushauri. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama Januari 2020, na kompyuta ya stationari huchomekewa flashi za kila mtu, kuanzia mwanafunzi mwenye kazi ya kuprinti mpaka mwenye barua ya kikao cha harusi. Piga Windows 10, weka programu yako ya stoo, bofya kulia kwenye ikoni yake, ingia Properties, kisha Compatibility, uiambie ijifanye ipo Windows 7. Programu nyingi za aina hiyo hukubali. Windows 10 nayo muda wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi cha 6 hakimo kwenye orodha ya Windows 11, kwa hiyo hesabu za stoo zihifadhi na mahali pengine, na intaneti uitumie pale tu inapolazimu.

Jambo moja kuhusu flashi. Ukipata ujumbe wa kufanana na huo, "A media driver your computer needs is missing", kwenye Windows 10 au 11, kabla ya kutafuta draiva yoyote ishuku flashi yenyewe au faili ulilopakua bando likikatikakatika. Zipo flashi zinazouzwa barabarani zimeandikwa GB 512 kwa bei ya chipsi kuku. Ndani zina GB chache, zikijaa zinaandika juu ya mafaili yaliyotangulia, na setapu inakosa faili katikati ya safari. Tumia flashi ya GB 8 au 16 ya kampuni inayojulikana, pakua upya, itengeneze upya.

*Habari mama. Nilisikia Linux, ule mfumo mbadala wa Windows, haioni diski mpaka VMD izimwe. Nimezima, Linux imeiona, sijaisakinisha bado. Nikarudi kwenye Windows, rangi ya bluu, INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Nimejaribu tena, sasa inaniuliza namba ndefu. Nina kazi za ofisi humo. Nimekwisha?*
*Mtumishi, Mtumba*

Hujaisha. Usifomati, usibonyeze Reset, na mtu asikwambie "tuipige tu upya".

Rudi BIOS, rudisha mpangilio ulivyokuwa, hifadhi kwa F10. Mara nyingi Windows itawaka kama kawaida, kwa sababu data hazikuguswa. Ikiendelea kuuliza, ile namba ni ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga data za diski, tarakimu 48. Kama unatumia akaunti ya Microsoft, fungua aka.ms/myrecoverykey kwenye simu, ingia kwa barua pepe uliyoifungulia Windows, utaikuta pale, ulinganishe na utambulisho wa ufunguo unaoonekana kwenye kioo. Kama laptopu ni ya ofisi, ufunguo wanao watu wa TEHAMA wa ofisi yako, na ni vizuri wajue kabla hujaweka Linux kwenye mashine yao.

Ukitaka kweli kuizima VMD bila kuvunja Windows, kwanza simamisha BitLocker kwenye Control Panel. Kisha andika msconfig, ingia Boot, tia tiki Safe boot, washa upya na uingie BIOS moja kwa moja, zima VMD, iache Windows iwake kwenye hali hiyo ya usalama. Ikiwaka, toa ile tiki, washa tena, urudishe BitLocker.